Safari Iliyotajwa Dirishani

Mama alianza kuitaka meli siku tuliyokwenda soko la bandarini Matrah kununua vitambaa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na meli kubwa za watalii zilikuwa zikifunga gati pale mara kwa mara msimu wa baridi. Tuliwakuta wanashuka wazee wa Kizungu, wengine na mikongojo, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, wanacheka kama watoto waliofunga skuli. Mama, ambaye magoti yake yalikuwa yameshachoka na kila ngazi aliipanda kwa bismillahi yake, alisimama kuwatazama mpaka muuza vitambaa akakata tamaa na sisi.

"Hawa wazee kuliko mimi," alisema. "Kumbe mtu hahitaji miguu. Ukikaa melini, miji inakujia."

Nilidhani yatapita, kama yalivyopita ya cherehani ya umeme. Hayakupita. Wiki ile ile, tukinywa chai ya alasiri nyumbani kwetu Mabela, aliweka kikombe chini akanieleza.

"Mimi kila safari yangu ina kilio ndani yake. Nilipopanda meli nikiwa msichana, tulikuwa tunakimbia. Nilipopanda ndege, nilimpeleka baba yako hospitali, na nilirudi naye sandukuni. Nishakwenda kuzika, nishakwenda kuuguza. Hija nimehiji, alhamdulillahi, lakini ile ibada, na huko pia nililia. Sasa kabla magoti hayajakataa kabisa, nnataka nende pahala mara moja tu, hapana aliyekufa wala anayeumwa. Nende nikakae, nitazame, nile, nirudi."

Mtu anayeomba kitu kidogo namna hiyo baada ya umri wote ule, humwambii subiri.

Nilikuwa nikifanya kazi ofisi moja Qurum, na ghorofa ya juu yetu palikuwa na wakala wa safari. Alinitolea picha za meli inayozunguka Bahari ya Kati: inaanzia bandari moja ya Ulaya, inagusa nchi nyingine mbili za hukohuko, inateremka mpaka Tunis, upande wa Afrika, kisha inarejea ilikotoka. Kwenye picha ilionekana rahisi kama kuzunguka kiwanja cha mpira. Wakala mwenyewe, Mhindi mpole wa Kerala, ndiye aliyenitoa ndotoni. Kwa kuwa meli inatoka Ulaya na kuingia tena, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na ubalozi wa kuomba ni wa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi.

"Usiku tutakuwa baharini," nikamwambia.

"Ndiyo, madam. Lakini fomu haina bahari."

Nilicheka siku ile. Baadaye sikucheka tena. Nilipiga simu balozi tatu, na kila moja ilinielekeza kwa mwenzake, kwa adabu kubwa, mpaka ile ya nchi ya kuanzia safari ikakubali shingo upande. Walitaka barua ya kazini, ya benki, bima ya afya, tiketi za ndege, uthibitisho wa chumba melini, na cheti cha kifo cha baba, sijui kwa nini. Labda walidhani amejificha chini ya kitanda anapinga safari. Picha ya mama ilirudishwa mara mbili kwa sababu mtandio ulimfunika paji la uso. Mara ya tatu aliusogeza nyuma kidogo, akanuna, na ile ya kununa ndiyo waliyoipenda.

Nilihangaika na makaratasi hayo kwa siri, maana hayo yalikuwa masharti ya mama. Kwetu safari haisemwi. Unasema ukisharudi, na hata hapo unasema nusu. Dada zangu wenyewe waliambiwa tunakwenda Salalah, humuhumu nchini. Mama ana sababu, na si kuogopa husda za watu peke yake. Walipoondoka Afrika kuja huku, bibi yangu hakumuaga mtu. Aliziacha nguo zimeanikwa kambani ili mtaa udhani wapo, akafunga mlango kama anayekwenda mazikoni nyumba ya pili. Waliokuwa wameaga, mama husema, walizuiwa. Tangu hapo kwake kutaja safari ni kuivunja. "Macho hayana pazia," hunambia, "basi angalau mdomo uwe na mlango."

Siku ya mahojiano tulivaa vizuri, tukafika mapema. Ukumbini pale ubalozini, kiti cha kwanza kabisa, alikuwa amekaa mwanamke jirani yetu wa Mabela, ukuta kwa ukuta na sisi, pamoja na mwanawe wa kiume. Nilimwona mama akikaza uso.

"Sabalkheri, jirani! Kulikoni huku?" akauliza mama.

"Kheri tu. Nimemsindikiza mwanangu, ana mambo yake ya masomo. Na wewe?"

"Mimi pia, nimemsindikiza huyu." Akanielekezea kidevu.

Wakaulizana habari za wajukuu. Nikatamani tuitwe haraka.

Tuliitwa. Dirishani alikuwa karani msichana, mtoto wa Kiomani wa watu wetu waliotoka Afrika, Kiswahili chake cha nyumbani kabisa, na nyuma yake amesimama afisa wa Kizungu aliyeuliza maswali kupitia kwake. Mimi nilijibu yangu yakaisha. Ikafika zamu ya mama.

"Mama, afisa anauliza unakwenda wapi na kwa ajili gani."

Mama akageuza shingo. Jirani alikuwa ametulia, masikio wazi.

"Siendi pahala," akasema mama. "Nimemsindikiza mtoto."

Nilimvuta shela. Nikamwambia karani kwamba mama yangu amechanganyikiwa, karani akanambia kwa upole kwamba lazima ajibu mwenyewe. Akamuuliza tena. Mama akasema, "Mungu akipenda mtu, humpeleka," akafunga mdomo. Karani akatafsiri vyote viwili, na afisa akaandika. Sijui maneno ya Mungu yaliandikwaje.

Pasipoti zilipotoka, yangu ilikuwa na viza. Ya mama ilikuwa kama ilivyoingia, na kikaratasi kinachosema nia ya safari haikuthibitika. Nilikasirika mpaka nikakosea njia ya kurudi Mabela, nikajikuta naelekea Rusayl katikati ya malori ya viwandani. Mwishowe mama akasema, "Basi. Haikuandikwa." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hasira zangu zikaniishia palepale, nikabaki na huzuni tu.

Nilimwombea upya. Meli ilikuwa bado haijaondoka, na wakala alitushikia chumba. Safari hii nilimsihi mama, nikamwapia kwamba ubalozi si mtaa, kwamba pale asiyetaja haendi. Alinisikiliza kama anavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa.

Tulipoingia ukumbini, jirani alikuwepo tena. Amepungua, abaya imemzidi. Wakasalimiana, na safari hii hakuna aliyemuuliza mwenzake kulikoni.

Karani alimtambua mama. Aliinamia kioo, akazungumza chinichini. "Mama, hata mama yangu hasemi. Akienda sokoni hasemi. Lakini huyu aliye nyuma yangu hana mama wa kwetu. Nisaidie nikusaidie."

Mama alishika ukingo wa dirisha kwa ajili ya magoti. Kisha akasema, na kwa vile hakuzoea kuyasema hayo akayasema kwa sauti kuliko ilivyohitajika, ukumbi mzima ukasikia:

"Nnakwenda kutembea. Napanda meli, mimi na binti yangu. Hapana anayeumwa, hapana harusi, hapana maiti. Nnakwenda kustarehe. Na ntarudi, kwa sababu nyumba yangu iko Mabela na mume wangu kazikwa hapa."

Afisa alisikiliza tafsiri. Akauliza usiku tutalala wapi.

"Kitandani," akasema mama. Afisa akacheka, akaandika.

Tulipogeuka, jirani alikuwa ameshaitwa. Alipishana na mama kwa karibu sana, akasita. Kisha akaenda dirishani, na yeye pia hakupunguza sauti.

"Mara ile nilisema nimemsindikiza mwanangu, mkaninyima. Mwanangu ndiye anayenisindikiza mimi. Nna maradhi ya ziwa, saratani. Nnakwenda kutibiwa, na kwetu hajui mtu isipokuwa huyu."

Kuna methali ya mficha maradhi ambayo sote tunaijua, ilinijia nikaimeza. Mama aliketi kwenye kiti cha karibu. Tulingoja mpaka jirani akamaliza, tukatoka pamoja mpaka maegeshoni.

Viza ya mama ilikuja. Ya jirani ilikuwa bado. Walitaka barua nyingine ya hospitali. Siku mbili mama hakugusa sanduku. "Niliomba safari isiyo na mgonjwa," alinambia. "Sasa tazama." Nilidhani ataniambia nirudishe tiketi, na sikuwa na nguvu za kumbishia.

Badala yake alivaa abaya, akaniita, tukaenda mlango wa pili. Jirani alitukaribisha halua na kahawa. Mama hakuila halua.

"Nimekuja kukuaga," akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Lakini ukinambia nibaki, nabaki."

Jirani akamsogezea sahani ya halua.

"Ubaki unifanye nini? Nenda. Kula kila wanachokupa, ukumbuke ulichokula, uje unihadithie. Mimi vyakula vyote vinanuka dawa."

Mama akamshika mkono. Kisha akamwambia siku tunayoondoka, na ndege tutakayopanda, na miji yote, mmoja baada ya mmoja, akiitamka polepole ili jirani aishike. Alipofika mwisho akamtajia na siku ya kurudi.

"Inshallah Jumaatatu alasiri ntakuwa hapa kwako," alisema. "Ningoje."