Mlango Nyuma ya Mafiga

Kila nikisikia shoka likipasua ubao, ulimi wangu unakwenda wenyewe kwenye pengo la juu, upande wa kushoto, kama ng'ombe anayelijua zizi lake. Nilipokuwa nasoma masomo ya jioni Bariadi mjini, nyuma ya darasa letu kulikuwa na fundi milango, na shoka lake halikujua kupumzika. Wenzangu walijifunza aljebra. Mimi kwa mawazo nilirudi kijijini Ngulyati, nina miaka tisa na meno yangu yote.

Mwaka ule baba alivuna pamba mpaka ghala likaomba msamaha. Akataka nyumba ya kisasa, yenye sebule ya kukalisha kata nzima. Ndipo wakaja mke na mume, wasanifu majengo waliohamia Bariadi kutoka mbali: Bwana Stefano na Madamu Rhoda. Sisi tuliwaita mainjinia wote wawili. Nyumba zao hazikuwa na pambo hata moja. Kuta nyeupe, mistari iliyonyooka, paa lililolala upande mmoja, na madirisha ambayo upepo ulipita bila kubisha hodi.

Lakini kabla ya tofali la kwanza, walichora nyumba nzima chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, wakatuomba tuishi humo kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Tupike, tule, tulale, tugombane tukitaka. Walisema wao wanafuata miguu ya wenye nyumba. Bwana Stefano alimvuta baba pembeni akaanza habari za mabati, na mtu yule alijua kuongea. Bati moja alilizungumzia kwa saa tatu. Madamu Rhoda alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani, akimtazama mama tu.

Mama alitupa kichekesho cha mwaka. Kila sauti ya baba ilipopanda kule pembeni, aliacha chungu akatoka kwa kupita kwenye ukuta, nyuma ya mafiga, mahali palepale, akiyafuta majivu kwa nyayo. Mimi na wadogo zangu tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikampigia kelele, "Mayu, hapo ni ukuta." Madamu Rhoda hakucheka, wala hakuuliza kitu. Aliinuka, akauchora ukuta upya, akaacha nafasi.

Nyumba ilipokwisha, mlango ulikuwa palepale, wa mninga, mzito, na komeo lake liko nje. Baba alicheka sana. Akauliza ni injinia gani anafunga mlango kwa nje, au mwizi ndiye atakayelala ndani. Madamu akamjibu kwamba ni kwa ajili ya mbuzi.

Msimu haukuisha. Jumapili moja, mchana, baba alirudi kutoka kwenye pombe akakuta ndama wameingia kwenye pamba. Zamu ya kuwachunga ilikuwa yangu. Alinifuata jikoni na fimbo, mama akasimama katikati. Alimpiga kama mtu anayepura mtama, bila haraka. Fimbo ilipovunjika akaendelea na ngumi, kisha akamshika nywele akakigonga kichwa chake kwenye ukuta ule mweupe, mara moja, mara mbili, na wekundu ukateremka taratibu mpaka sakafuni. Nikamng'ata baba mkono. Nilimng'ata hasa, nadhani nilifika mfupani. Kofi lake likanirusha kwenye gunia la mahindi, na meno mawili yakabaki njiani.

Mama alinidaka kola ya gauni, akarudi kinyumenyume, akazunguka mafiga bila kutazama anakokwenda. Tukatoka. Nikasikia komeo likiingia mahali pake.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa, baba angezunguka tu. Lakini sasa alikuwa ameukasirikia mlango ule. Tulimsikia tukikimbia katikati ya pamba: mapigo mia tano ya shoka. Haya, ishirini.

Tulikimbilia kwa mjomba Masunga, kaka yake mama. Siku hiyo mainjinia walikuwa kwake, wakimchorea nyumba yake, na mama alianguka katikati ya sebule ya majivu. Muda si muda baba akatokea, shoka mkononi, vipande vya mninga kwenye nywele.

"Nani aliweka komeo nje?"

"Mimi," akasema Madamu Rhoda.

Bwana Stefano akajiingiza mbele ya mkewe akaanza kumweleza baba habari za mabati. Baba akamshushia mgongo wa shoka mkononi. Mfupa ulilia kama muwa. Hapo mjomba na vijana wake wakamvamia baba kwa mipini ya majembe, wakampiga mpaka akaacha kujikinga. Watu wakamgeukia mama. Alikuwa amekaa, damu imemwingia jicho moja, anatazama. Alichelewa kidogo. Kisha akasema, "Inatosha."

Baba alihamia kwa nduguye, kijijini Shishiyu, hakurudi. Mkono wa Bwana Stefano uliunga vibaya, lakini aliendelea kuchora, na kila jiko walilojenga Ngulyati tangu siku ile lina mlango wa pili, komeo nje. Wanaume wa kata nzima wanaamini kwamba mbuzi wetu ni majambazi.

Mimi nilikua nikimsifu mjomba. Kwenye harusi nilisimulia alivyomwokoa mama, na kila harusi vijana wake waliongezeka, mpaka wakafika arobaini. Mwaka jana tu, tukichambua mchele, ndipo nilipomuuliza mama kwa nini miaka yote ile hakumwambia mtu.

"Niliwaambia, mwanangu," akasema. "Mchungaji nilimwambia. Mjomba wako nilimwambia mara tatu, na mara tatu alinirudisha mwenyewe, na kuku wa kumwomba baba yako radhi. Yule madamu ndiye sikumwambia kitu."

Nilimwona mjomba upya, mpini mkononi, akimpiga baba kwa nguvu zote za mtu aliyejua tangu mwanzo.