Lijamu ya Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa fagio wala ndoo. Nilipewa amri ya kukunja suruali.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa kazi ya farasi."

"Marahaba. Kazi yenyewe ndiyo hii. Lete muundi."

Aliyesema hivyo ni mnyapara wa banda, mzee wa Kurui. Akalaza lijamu, yaani chuma anachotiwa farasi mdomoni, juu ya mfupa wa mguu wangu, akavuta hatamu. Nikaruka! Akacheka hadi kofia ikamvuka.

"Shule uliiacha, hili usiliache. Farasi ana pengo lisilo na meno. Ufizi wa pale ni mwembamba, chini yake mfupa, kama muundi wako. Chuma hukaa hapo."

Na hiyo ilikuwa nyepesi. Lijamu kali ilining'inia ukutani, na mikono mirefu pembeni na mnyororo wa kubana kidevu. Ukivuta kidogo, mdomoni hufika nguvu kubwa.

"Sasa wanaitumia ya nini?"

"Mwenye mkono mwepesi huigusa tu, farasi akaelewa. Wengine huivuta kwa woga."

Lilikuwa shamba la mkonge upande wa Kibaha, lenye farasi mmoja, jike. Tulimwita Shangazi, maana alitukoromea kila tulipochelewesha maji.

Shamba lilipotaifishwa tukaletewa meneja wetu wenyewe, mtu mpole ambaye hakuwahi kupanda hata punda. Akachagua lijamu kali. Haukupita muda Shangazi akaanza kukataa kufungua mdomo, na povu lake likawa na damu. Asubuhi moja akasimama kwa miguu ya nyuma.

"Akirudia, auzwe," meneja alisema.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Kazi nyingi nimeziacha bila kuaga. Shangazi sikuweza kumwacha.

"Bwana Meneja, anaumia. Ukiogopa unavuta, naye akiumia anaruka, nawe unazidi kuvuta."

"Nikianguka mbele ya wafanyakazi, kesho nani atanisikiliza?"

Mnyapara akakohoa. "Bwana Meneja, samahani. Tuazime muundi."

Meneja akakunja suruali yake iliyopigwa pasi. Mnyapara akamlazia ile kali, akavuta kidogo tu. Meneja akaruka, akaichukua lijamu ile akaitundika mwenyewe.

Kwa ile nyepesi alianguka kweli, katika uwanja wa kuanikia katani, juu ya lundo la nyuzi.

"Pole, baba!" akina mama wakapiga kelele. "Lakini katani yetu usituchafulie!"

Akacheka kuliko wao, akapanda tena. Walimsikiliza vizuri tu.

Shangazi hakuuzwa. Alizeekea bandani, na ugonjwa wa mbung'o ndio uliomuua. Nami nikaondoka, nikawa utingo wa lori, nikachoma mkaa, hadi magoti yakanipumzisha hapa Mzenga.

Meneja naye alipostaafu alikuja kunisalimia. Kabla hajaketi alikunja suruali, akaupapasa muundi.

"Bado nausikia," akasema.