Safari ya Lulanguru na Mtani Asiyealikwa

Harufu ya viazi vitamu vikichemka na maganda yake hunirudisha Tabora, niwe popote. Juzi nilikuwa kwa binti yangu Morogoro, sufuria ikafunuliwa jikoni, na mimi nikanyamaza katikati ya maneno kama mtu aliyeitwa. Kwetu viazi hivyo vilimenywa vikiwa bado vya moto, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani siku kadhaa mpaka vikawa vigumu na vitamu. Ndiyo matobolwa, chakula cha safari tangu enzi za wapagazi. Bibi akianza kuyaanika tulijua kuna mtu anaondoka. Kiangazi kile, nikiwa mtoto wa shule, aliyekuwa anaondoka ni yeye mwenyewe.

Bibi Kalunde, mama mzazi wa baba yangu, alikuwa hajawahi kumlia baba yake. Naomba mnielewe hapo, maana ndiyo habari yenyewe. Baba yake, Maganga, alichukuliwa upagazi wakati vita ya Mjerumani na Mbelgiji ilipofika magharibi ya Tabora, Bibi akiwa binti mdogo wa kutumwa maji. Mpagazi mwenzake alirudi akasema mara ya mwisho alimwona Lulanguru, sanduku la risasi kichwani, bunduki zikilia mbele na nyuma. Basi. Hakuna aliyeona maiti wala kaburi. Mama yake Bibi akakataa matanga yasiwekwe. “Nimlilie vipi mtu ambaye huenda anarudi kesho?” Akafa akisubiri. Bibi akaolewa, akazaa, akazeeka, na kilio chake kikabaki kifuani.

Mwaka huo miguu yake ilianza kuvimba. Jioni moja alimwita baba akamwambia, “Mwanangu, nipeleke Lulanguru kabla hii miguu haijanigomea. Nikamlie baba yangu nimalize. Sitaki kufa na kitu hiki kama mama.”

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa la Moravian, na kama kulikuwa na kitu alichokipenda duniani baada ya Mungu, ni mpango. Na enzi zenyewe zilimfaa. Nchi nzima ilikuwa inapanga: mpango wa kilimo, mpango wa vijiji vya ujamaa, mpango wa kisomo cha watu wazima. Baba naye akawa na mpango wa Lulanguru. Aliuandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: kuondoka kwa treni ya asubuhi, kutembea kutoka stesheni, sala, wimbo, chakula, kurudi kwa treni ya jioni.

“Na treni ikichelewa?” mama aliuliza.

“Haitachelewa.”

Mama alicheka mpaka akatafuta kigoda.

Bibi hakujua kusoma, akataka asomewe mlango. Baba akamsomea polepole, kidole kikifuata maandishi kama yuko darasani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na mtani yuko wapi?”

Hapo ndipo mpango ulipoanza kuyumba. Mtani wetu alikuwa Mzee Kondo, jirani wa nyumba ya tatu, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi ya reli na kustaafia hukohuko. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya watu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana usikasirike, kuchukua kitu chako usimdai, na ukifiwa ni wajibu wake kuwapo. Mzee Kondo aliitumia ruhusa hiyo yote. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua chungu cha Bibi, akachagua kipande kinono, ndipo akasalimia.

“Nyie Wanyamwezi,” alikuwa akisema huku anatafuna, “mngekuwa na akili mngenunua punda. Nyie mkaona bora muwe punda wenyewe!”

“Na nyie Wazaramo,” Bibi alimjibu, “mkipata hela ya jembe mnanunua ngoma. Ndiyo maana umekuja kula kwangu.”

Walipendana kwa namna hiyo. Baba hakuweza kuivumilia. Mwaka uliotangulia, kwenye msiba wa mzee mmoja wa mtaani, Mzee Kondo alivaa koti la marehemu akatembea kwa kuchechemea kama yeye, mbele ya mchungaji, na waombolezaji wakaangua kicheko. Baba alirudi nyumbani amenuna akakataa kula.

“Mama, hii ni ibada,” alisema siku ile mbele ya mlango wa stoo. “Mzee Kondo atatuharibia.”

“Msiba bila mtani?” Bibi aliguna. “Haya. Wewe ndiye msomi.”

Mimi nilikuwa upande wa baba, tena kwa kiherehere chote cha mtoto anayeshika namba darasani. Nilimwona Mzee Kondo kuwa mzee asiye na adabu, na nilitaka Bibi wangu aombewe kwa heshima.

Siku ya safari tulifika stesheni na baridi ya alfajiri, baba katika suti yake ya kanisani, Bibi katika khanga mpya, mama na kikapu cha matobolwa na karanga. Treni ilichelewa. Jua likapanda, likatukuta palepale kwenye benchi. Mama alimtazama baba tu, na baba akajifanya anasoma tangazo la zamani ukutani.

Ndipo tukasikia vicheko kwenye umati. Mzee Kondo alikuwa anakuja, sanduku tupu la mbao kichwani, mgongo ameukunja, magoti yanatetemeka.

“Pisheni! Pisheni! Mzigo wa Mjerumani huo! Ukidondoka nanyongwa!”

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alisimama. “Shikamoo, Mzee Kondo. Nani kakualika?”

“Marahaba, mwalimu. Mtani anaalikwa tangu lini? Kwani kifo chenyewe kiliwaalika nyie?” Akatua sanduku lake karibu na miguu ya Bibi, akalikalia. Bibi alitazama pembeni, lakini nilimwona amebana midomo asicheke.

Lulanguru tulipokewa na mwenyekiti wa kijiji, kijana mchangamfu aliyevaa shati la mikono mifupi. Baba akamweleza shida yetu: tunataka kuona mahali penyewe palipopiganiwa.

“Vita ilikuwa huku kote,” mwenyekiti alisema, akizungusha mkono.

“Huku kote wapi?”

“Huku kote, mwalimu.”

Kumbe wazee waliokuwa wanayajua mahandaki ya vita ile walikuwa wameshahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mbali na mashamba yao ya zamani. Mmoja alikuwa amefariki, mwingine alikuwa mgonjwa hatambui watu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mgeni wa pale. Hata hivyo alitusindikiza, maskini, akatuonyesha kila shimo na kila mfereji. Huu ulichimbwa na askari? Huenda. Au na mvua? Huenda pia. Kulikuwa na nyasi kavu zilizofika kiunoni, shamba la tumbaku lililokwisha kuvunwa, miti ya miombo, na kimya. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea bunduki zenye kutu, au angalau jiwe lenye maandishi.

Bibi alikwenda na fimbo yake kutoka kichaka hadi kichaka. “Ni hapa?” aliuliza. “Au pale?” Miguu ilikuwa imemvimba mpaka viatu vimebaki mkononi mwa mama. Mwishowe baba alichagua uwazi mmoja wenye kivuli kidogo akasema patatosha. Akasali sala nzuri, ndefu. Tukaimba, mimi kwa sauti kuliko wote. Baba akasema amina, akasubiri. Sote tukasubiri.

Bibi alisimama na macho makavu. Aligeukia huku, akageukia huku.

“Nielekee wapi?” akauliza taratibu. “Nimlilie wapi? Hapa ni porini tu.”

Baba alimwonyesha kichaka kimoja kwa kidole, akashusha mkono.

“Twendeni nyumbani,” Bibi akasema. “Ndivyo ilivyoandikwa. Mama alishindwa, na mimi nimeshindwa.” Akaanza kugeuka, na mabega yake yalikuwa yameshuka kiasi kwamba niliogopa ataanguka.

Mzee Kondo alikuwa amesimama nyuma yetu tangu sala ianze. Sasa alivua kofia, akapita mbele ya Bibi, akalala chali kwenye nyasi, mikono kifuani, macho ameyafumba.

“Kalunde,” akaita kwa sauti nzito ya mgonjwa. “Unakwenda wapi, mwanangu? Hata kunisalimia?”

“Mzee Kondo, inuka!” baba alifoka.

“Kondo nani? Mimi Maganga. Nimelala hapa tangu enzi za Mjerumani, mvua yangu, jua langu, na nyie Wanyamwezi mnaojidai kubeba mizigo, hata jani la kunifunika hamkuleta! Siinuki mpaka nipewe jogoo.”

Nilitaka kumpiga teke, wallahi. Lakini Bibi alikuwa amesimama. Alimtazama yule mzee mwembamba aliyelala, akamtazama muda mrefu.

“Baba yangu hakuwa na miguu ya korongo kama hiyo,” akasema.

“Ni njaa, mwanangu. Na wewe ungelishwa chakula cha vita ungekuwa na miguu ipi?”

Bibi akacheka. Kicheko chake kilitoka kwa nguvu, kikapanda, na huko juu kikavunjika. Akapiga magoti mwenyewe, bila kushikwa. Akang’oa nyasi, akamfunika kifuani, konzi moja ya nyasi baada ya nyingine, na kila konzi akisema “Baba. Baba. Baba.” Alilia kwa Kinyamwezi, maneno ambayo sikuyajua mengine, kwa sauti ya binti mdogo. Mama alilia. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakutujua kabisa, alilia. Baba alikaa chini kwenye vumbi na suti yake ya kanisani, akamshika mama yake bega, na mpango wake wote ukaishia hapo.

Mzee Kondo hakujitikisa muda wote huo. Mchwa walikuwa wanapanda shingoni mwake, niliwaona. Aliinuka pale tu Bibi alipokuwa amenyamaza na kupumua. Nyasi zilibaki zimelala kwa urefu wa mtu. Bibi akakusanya udongo kwa mikono, akautia hapo, nasi tukamsaidia mpaka pakawa na tuta. Baba akasali upya, sala fupi. Treni ya jioni ilichelewa pia, na Bibi alilala usingizi fofofo begani kwa mama mpaka Tabora.

Mimi niliendelea kumkasirikia Mzee Kondo miezi mingi. Niliona amemfanyia Bibi mzaha kwenye siku yake kuu, na kwamba wakubwa wamemwogopa.

Miaka ilipita. Bibi alikwenda, na huko kwenye maziko Mzee Kondo alitudai jogoo wa pili, juu ya yule wa Lulanguru. Kisha na yeye akafa, hapohapo Tabora, mbali na Kisarawe. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipokwenda kwenye msiba ule. Mke wake alikuwa ameketi kwenye jamvi tangu jana yake, hagusi chakula, macho yamekauka. Jeneza lilipoinuliwa kutoka ndani, baba yangu, mzee wa kanisa, nywele nyeupe tupu, alijitupa chini akalala kizingitini akafunga njia.

“Hatoki mtu!” akapiga kelele. “Mzaramo huyu amekula kwetu miaka yote, leo anaondoka bila kuaga?”

Watu wakacheka. Nilisikia mjane anacheka nyuma yangu, kisha nikasikia kicheko kikivunjika, na kilio kikatoka.

Nikasimama pale uani, mwanamke mzima, nikalia na mimi, na kilio changu kilikuwa cha Lulanguru. Maganga hakuwa na mwili wa kuzikwa. Mzee Kondo alimwazima wa kwake.