Siku Nilipokanyaga Piano ya Changamwe

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya kinanda. Kanisa letu la Bofu lilikuwa na kinanda kimoja cha mbao nyeusi, kile cha kukanyagwa kwa miguu miwili ili kipate pumzi. Mpigaji wake alikuwa mke wa mwinjilisti. Mimi kila Jumapili nilikaa ubavuni mwake kumfunulia kitabu, na bila kufundishwa na mtu vidole vyangu vikajua nyimbo kumi na mbili. Mwinjilisti alipohamishiwa Taveta, mkewe akaenda naye, nami nikakaa mahali pake.

Kisha ikaja barua ya mchungaji. Kanisa la Junda, ng'ambo ya maji, halikuwa na kinanda, ila lilikuwa na mpigaji aliyefunzwa. Bofu kama twataka kubaki na kinanda chetu, na sisi tuwe na mtu aliyefunzwa. Tukimkosa, kitavushwa kwenda Junda.

Miaka hiyo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha. Huko Changamwe askari waliacha ukumbi mrefu wa mabati, na chama cha wapenda muziki kikauchukua. Ilitangazwa kwamba msimu ule, kila Jumamosi hadi mvua kubwa, asubuhi kutakuwa na mafunzo ya watu wa kwaya na vinanda, na alasiri utapigwa muziki wenyewe. Jumamosi ya kwanza wangechaguliwa wanne wa kufunzwa msimu wote.

Mzee Yohana, mzee wa kanisa letu, alinisomea tangazo hilo nikiwa nimeinamisha uso. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na maneno yangu mengi yaliishia kifuani.

"Utakwenda na shangazi yako Kadzo," akasema. "Yeye atasema, wewe utapiga."

Asubuhi mapema tulishuka kwenda kwenye feri. Shangazi aliuza mahamri pale kivukoni, kwa hiyo alijulikana na kila mtu, na kila mtu alitaka kujua kwa nini leo amevaa viatu.

"Nampeleka mtoto kwa Wazungu akawafundishe kinanda," aliwajibu.

"Na wewe utawafundisha nini, Mama Mahamri?"

"Kunyamaza. Na ningeanzia kwako."

Mimi niliegemea ukingo wa feri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ng'ambo ya pili ilionekana kama kitu ambacho mtu amekifuta kwa kitambaa kisha akajuta. Nilipiga nyimbo zangu juu ya chuma cha ukingo, kimyakimya, vidole vikienda na miguu ikikanyaga. Nilikuwa sijui kwamba nakanyaga.

Tulipopanda basi la Changamwe, saa mbili ilikuwa imekaribia. Tulivuka Makupa, maji huku na maji huku, mikoko ikisimama ndani ya kivuli chake. Treni ilitupita taratibu. Sauti ya magurudumu yake iliingia ndani ya ile ya basi hata sikuweza kuzitenga, nikawa nasinzia bila kufumba macho. Shangazi alinigusa bega.

"Usilale. Waliolala hawachaguliwi."

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Nje ulikuwa bati tupu. Ndani, mtu alikuwa amening'iniza mapazia ya rangi ya maziwa, na mwanga ulioingia ulikuwa laini kama wa chumba cha mgonjwa anayeanza kupona. Mbele kulikuwa na piano. Nilikuwa sijawahi kuona piano. Niliona vibao vyake vyeupe na vyeusi, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Tena chini nikaona vikanyagio viwili. Nikamshukuru Mungu.

Mwalimu aliitwa Inasio, Mgoa mwembamba mwenye suti nyeupe na Kiswahili cha mjini. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama mikono yangu.

"Unatoka wapi, binti?"

"Anatoka Bofu, Likoni," alijibu shangazi. "Anajua nyimbo kumi na mbili, na wa kumi na tatu uko njiani."

Watu kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengi wanakwaya kutoka Rabai na Kisauni. Mmoja mmoja waliitwa, na kila mmoja alipiga wimbo mmoja. Nilipoitwa niliitika "Abee," lakini nadhani hakuna aliyenisikia ila mimi.

Nikakaa. Nikaweka miguu juu ya vikanyagio, nikaanza wimbo wa jioni, nikikanyaga kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama nilivyozoea, ili piano isikose pumzi.

Sijui niseme nini juu ya sauti iliyotoka. Kila nilichokipiga kilikataa kuondoka. Sauti ya kwanza ilibaki ndani ya ya pili, na ya pili ndani ya ya tatu, kisha ghafla zote zikakatika, kisha zikajaa tena, kama mawimbi yanayoingia chumbani. Nilidhani ndivyo piano ilivyo. Niliiona nzuri. Nikazidi kukanyaga.

Kicheko kilianzia nyuma.

"Mwalimu, huyo anashona nguo!" alisema mwanamume mmoja wa kwaya ya Rabai.

Mwalimu Inasio alinisimamisha kwa mkono, naye pia akitabasamu. "Binti, miguu hiyo inakwenda wapi?"

"Inarudi Likoni!" akadakia yule wa Rabai, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Shangazi aliinuka. "Ya kwako imefika hapa na haijui imefuata nini. Hata wimbo wako uliusahau katikati, tulikuona."

Kweli alikuwa ameusahau.

Mwalimu alinieleza kwa upole. Piano haihitaji pumzi. Kikanyagio cha kulia huziacha sauti ziendelee, na mpigaji hukigusa mara chache tu. Akaniambia niweke miguu chini ya kiti. Nikajaribu tena, na wimbo wangu ukatoka mkavu, vipande vipande. Nilibonyeza na kushikilia kama nilivyoshikilia kinanda cha Bofu, lakini sauti ilikuwa ikinikimbia chini ya kidole. Machozi yalinijaa.

"Ngoja," alisema. "Piga kibao kimoja. Usikiachie. Ninyi nyote, inueni mkono sauti ikiisha."

Nikapiga. Ukumbi ukanyamaza. Mikono ikaanza kuinuka, kumi, ishirini, kisha yote. Mimi bado niliisikia. Ilikuwa imekuwa nyembamba, ikapita kwenye mapazia, ikawa mbali kama mtu anayeita upande wa pili wa maji, na nikawa naifuata. Nilipoinua mkono, mwalimu naye aliinua wake wakati huohuo. Tulitazamana.

Lakini wanne waliochaguliwa walikuwa wengine. "Una sikio," aliniambia, "ila hawa tayari wanajua kupiga piano, na nafasi ni nne. Wewe njoo ukae kwenye benchi usikilize. Benchi halina orodha."

Alasiri, saa kumi, watu wanne waliingia na fidla zao: mbili ndogo, moja ya wastani, na moja kubwa iliyowekwa kati ya magoti ya mama wa Kizungu.

"Yule anapiga muziki au anakamua?" shangazi alininong'oneza.

Walipoanza hakunong'ona tena. Ulikuwa muziki wa zamani usio na maneno. Niliufuata kama nilivyoifuata sauti ile moja, na mara nikawa nasikia pia mahali ambapo hapakuwa na sauti, kama milango iliyoachwa wazi ndani ya nyumba kubwa. Mahali pamoja wote wanne walitulia. Shangazi akavuta pumzi ya kupiga kigelegele, kama afanyavyo arusini. Nilimshika mkono. Hawakuwa wamemaliza.

Tulirudi jua likiwa bado lipo. Kwenye basi shangazi alisema, "Ukiulizwa, nyamaza. Mimi nitasema umechaguliwa. Si utakuwa unakwenda kila Jumamosi? Nani atajua kama unakaa benchini au kwenye piano? Kinanda kitabaki."

Alikuwa amesema kweli, hakuna ambaye angejua. Akilini nilikiona kinanda chetu, nikakiona kimebaki, na njia nzima hadi Bofu nilikuwa mtu mwenye furaha na aibu pamoja.

Jumapili baada ya ibada Mzee Yohana alinisimamisha mlangoni, watu wakisikiliza.

"Mwanangu, habari za Changamwe?"

"Mzee, ukumbi mzima ulinyamaza kwa ajili yake," alisema shangazi.

"Kadzo, nimemwuliza yeye. Umechaguliwa?"

"Sikuchaguliwa," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimepewa benchi la kusikiliza. Nitakwenda, lakini sikuchaguliwa."

Mzee Yohana aligeuka kukitazama kinanda. "Basi kitavushwa," akasema.

Watu wa Junda walikuja na mkokoteni siku ya Alhamisi. Niliwaonyesha kikanyagio cha kushoto jinsi kinavyokwama, na namna ya kukitia mafuta. Shangazi hakusema nami siku mbili, kisha akachoka, maana kunyamaza hakukuwa kazi yake.

Jumamosi zote za msimu ule nilivuka, nikakaa kwenye benchi. Sijapiga piano tena. Nilichojifunza ni kwamba miaka yote kinanda kilikuwa kikivuta pumzi kwa niaba yangu, nami nikidhani naimba.

Jumapili ya kwanza bila kinanda, mwinjilisti mpya alitaja wimbo. Hakuna aliyeuanza. Watu walitazama pembe iliyobaki wazi, kisha wakanitazama mimi. Nilisubiri mpaka nikaisikia sauti ya kwanza ilipo. Nikasimama, nikavuta pumzi yangu mwenyewe, nikaianza, nikaishikilia peke yangu mpaka Bofu yote ikaingia.