Ufunguo Chini ya Saa

Hofu ilimwingia Verlene Kucera Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mchana kweupe, akiwa amesimama kando ya kituo cha tatu cha uwanja wa softboli, mahali alipokuwa akisimama kwa miaka thelathini na mitatu. Mpigaji wake alikuwa akimtazama. Mkimbiaji aliyekuwa kituo cha kwanza naye alikuwa akimtazama. Wote wawili walingoja ishara, na Verlene hakujua aguse nini.

Kwenye softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo kama besiboli, kocha hapigi kelele za maagizo, maana wapinzani nao wana masikio. Anajigusa. Kofia, sikio, kifua, mkanda, goti, mbiombio kama mtu aliyeingiliwa na siafu, na karibu yote ni danganya toto. Ya kweli ni moja tu, ile inayofuata ufunguo. Ufunguo ukiwa kofia, basi atakachogusa mara baada ya kofia ndiyo amri: goti ni piga utakavyo, kifua ni fanya mbano, hila moja ya hatari. Tena Kocha Verlene, kwa ujanja wake, alikuwa akibadili ufunguo katikati ya mchezo. Vipindi vitatu vya mwanzo kofia, kuanzia cha nne mkanda. Alizitunga ishara hizo mwenyewe, mezani jikoni kwake, mwaka wake wa kwanza wa kazi. Msichana aliyeshindwa kuzikariri alizungushwa uwanja mbio mpaka zikamkaa.

Siku ile alijipapasa ovyo, mpigaji akapiga ovyo, mpira ukaangukia mahali pazuri na watu wakashangilia. Hakuna aliyegundua, au ndivyo alivyodhani. Mchezo ulipokwisha alijifungia chooni nyuma ya majukwaa.

Mama yake, Albina, alianza hivyo hivyo. Kwanza alisahau hamira kwenye kolache, vile vimkate vya plamu alivyokuwa ameoka kila Jumamosi kwa miaka hamsini. Halafu miwani ikakutwa kwenye friza, imelala juu ya mbaazi. Mwishowe, katika nyumba ya kutunzia wazee, alimshika Verlene mkono na kumuuliza kwa adabu kabisa yeye ni mtoto wa nani. Albina alikuwa na miaka sabini na moja maradhi hayo ya kusahau yalipomwanza. Verlene alikuwa na sitini na mitatu.

Sasa ukimwondolea mwanamke huyu softboli, sijui unabaki na nini. Chuo chetu ni kidogo, kiko katikati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska, na walipomwajiri walimwajiri kufundisha mazoezi ya viungo. Timu ya wasichana walimtupia kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeitaka. Wavulana wa besiboli walikuwa na basi. Yeye alipewa gari la kubebea watu kumi na wawili, akawapakia kumi na watano, akaliendesha mwenyewe kwenye theluji huku wamelala wamelaliana. Uwanja aliusawazisha kwa kukokota spring za kitanda nyuma ya pikapu ya baba yake. Mvua ikinyesha asubuhi ya mechi, alimwaga petroli kwenye udongo akauwasha moto ukauke, mpaka mkuu wa zimamoto, ambaye ni binamu yake, akaja kumwambia kwamba safari nyingine atamfunga.

Hakuolewa. Aliyewahi kumchumbia aliambiwa angoje msimu uishe, na msimu wenyewe hadi leo haujaisha.

Alikuwa mkali na mdomo wake haukuwa na breki, lakini alikuwa mwoga wa jambo moja, na woga huo hakuuficha. Mwaka wa sita wa kazi yake, mpira uliopigwa kwa nguvu ulimpata mrushaji wake usoni ukamvunja mfupa wa shavu. Verlene ndiye aliyemshikilia kichwa hadi gari la wagonjwa lilipofika. Tangu siku hiyo hakuna msichana wake aliyekanyaga uwanja na helmeti isiyo na wavu wa chuma mbele ya uso. Makocha wa vyuo vingine walimcheka, wakamuuliza kama analea wachezaji au kuku. Yeye aliwajibu kwamba kuku wake wana meno yote.

Kwa hiyo hofu hii mpya ilimkuta akiwa tayari anajua inavyouma. Na alijua hasa anachoogopa. Aliogopa mbano. Mbano ni hivi: mkimbiaji aliye kituo cha tatu anatimka kwenda kituo cha nyumbani mara tu mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, na mpigaji, badala ya kupiga, anaukinga tu mpira kwa gongo ili udondoke taratibu. Wakielewana, ni pointi ya bure. Wasipoelewana, msichana anakimbilia kichwa kichwa gongo linalozungushwa kwa nguvu zote.

Dawa ilikuwepo, na iko kila mahali siku hizi. Msaidizi wake Deb Wiese, aliyemchezea zamani na ambaye sasa ana miaka arobaini na mitatu na watoto wake mwenyewe, alikuwa amemletea mikanda ya mkononi yenye kadi ya namba. Kocha anataja namba, mchezaji anaangalia kadi, kwisha. Miaka mitano Verlene aliikataa akisema softboli si mtihani wa hesabu. Mwezi ule wa tatu Deb alimletea tena, kwa sauti ya chini kuliko kawaida, akasema labda mwaka huu wajaribu. Verlene alimtazama akaona kitu machoni pake, akapandwa na hasira. Alimwambia kwamba siku atakayohitaji karatasi ya kumkumbusha kazi yake, atakwenda kuvua samaki. Baada ya kusema hayo angewezaje kuikubali mikanda? Kuikubali kungekuwa kukiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Verlene aliujua ukweli huo tangu kwa mama yake, lakini kuujua ni jambo moja, kuufuata ni jingine.

Akabuni njia yake. Kila asubuhi ya mechi aliandika ufunguo kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa kifundo cha mkono, akaufunika kwa saa. KOFIA 1–3. MKANDA 4–7. Akipotewa, aliisogeza saa kidogo akachungulia. Wiki tatu mambo yakaenda. Timu ilishinda mechi tisa kati ya kumi na moja, na usiku alilala akizikariri ishara kama mtu anayesali, akiamka katikati na kuanza upya.

Kisha ikaja Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne. Upepo ulikuwa ule wetu wa kukata masikio, mvua ya rasharasha ikija na kuondoka, wazazi wamejifunika mablanketi jukwaani wakitafuna mbegu za alizeti. Kipindi cha sita, timu zimefungana mbili kwa mbili. Kituo cha tatu, hatua mbili tu kutoka kwa Verlene, alisimama Tatum Rezac, mdakaji wa mwaka wa nne, msichana mpana wa mabega ambaye baba yake anafuga nguruwe na ambaye haogopi kitu. Mpigaji alikuwa Maisie Oltmans, wa mwaka wa kwanza, mwembamba, mwenye mikono ya haraka kuliko wote.

Verlene alitaka Maisie apige. Alikuwa na hakika na hilo. Lakini alipoinua mkono kuanza, akili yake ikawa nyeupe. Kofia au mkanda? Akaisogeza saa. Mvua na jasho vilikuwa vimeingia chini yake, na maandishi yote yalikuwa doa la buluu.

Mwamuzi alikuwa akimtazama. Hangeweza kusimama pale milele, kwa hiyo akaanza kugusa, akitumaini mikono itakumbuka yenyewe. Sikio. Kofia. Kifua. Sikio. Mkanda. Goti. Akapiga makofi mara mbili, kumaanisha amemaliza, na papo hapo akaona alichofanya. Kwa ufunguo wa zamani alikuwa ameagiza mbano. Kwa ufunguo wa sasa alikuwa ameagiza piga. Akajituliza kwamba kipindi ni cha sita, wote wanajua ni mkanda, hakuna ubaya.

Mrushaji akazungusha mkono. Tatum akatimka.

Verlene alimwona Tatum akikimbia ameinamisha kichwa, na mbele yake Maisie akivuta gongo nyuma, bega lote limeingia. Mpira ulilia kwenye gongo na kuelekea alikotoka Tatum, kimo cha uso. Ulimpata kwenye wavu wa helmeti. Alianguka kifudifudi kwenye udongo mwekundu na hakusogea.

Verlene hakukumbuka jinsi alivyofika pale. Alijikuta amepiga magoti, na Deb na daktari wa timu wako upande wa pili, na Maisie amesimama, gongo bado liko mkononi, akirudia kwamba aliambiwa apige, jamani, aliambiwa apige. Walimgeuza Tatum taratibu. Wavu ulikuwa umebonyea kwa ndani hadi karibu kugusa pua. Nyuma yake kulikuwa na uso mzima, wenye damu kidogo mdomoni, na macho mawili yaliyokuwa yakimtafuta Verlene.

Daktari alimuuliza siku, akamuuliza jina la mbwa wake, akamwambia afuate kidole. Yote aliyaweza. Daktari alipogeuka kufungua sanduku lake, Tatum alimshika Verlene mkono na kumvuta karibu.

“Usimkasirikie Maisie, Kocha,” alinong'ona. “Yeye amesoma sawa. Mimi ndiye nimesoma ya zamani.”

“Ya zamani kwa nini? Kipindi cha sita hiki.”

Tatum alitazama pembeni. “Uligusa saa.”

“Saa?”

“Ukipotewa unagusa saa. Ukigusa saa, sisi tunasoma kofia, hata kama ni kipindi cha saba. Tulikubaliana hivyo, maana hata baada ya kuigusa, mara nyingi unarudi kwenye kofia.” Alimeza mate yenye damu. “Maisie hatukumwambia. Ni mtoto bado, tuliogopa atatoboa siri.”

Verlene aliuliza ni nani hao sisi, na tangu lini. Tatum akasema wote, Kocha, tangu mechi ile ya mwezi wa tatu. Basi wiki zote tatu, mechi zote kumi na moja, wakati yeye alikuwa akiogopa kuumbuliwa, walikwisha kumwona, wakamfunika, wakamchezea. Wasichana wa miaka ishirini walikuwa wamembeba kama yeye alivyokuwa akimbeba mama yake kutoka kitandani hadi kitini, na mmoja wao nusura afe kwa ajili hiyo. Alitaka kulia lakini hofu haikumpa nafasi.

Akainuka. Akaivua saa akamkabidhi Deb, na Deb akaliona lile doa la buluu kwenye kifundo cha mkono.

“Ile mikanda yako iko wapi?” Verlene aliuliza.

“Kwenye gari, Kocha. Siku zote iko kwenye gari.”

“Kesho uwagawie. Leo nenda ukasimame pale.” Alimgeukia mwamuzi akamwambia kwamba kituo cha tatu kuanzia sasa ni cha Kocha Wiese. Mwamuzi, aliyemjua miaka ishirini na ambaye alishafokewa naye katika kila mmoja wa miaka hiyo, aliandika kwenye kadi yake.

Verlene alitembea hadi kwenye banda la wachezaji akakaa kwenye benchi. Miaka thelathini na mitatu hakuwahi kulikalia benchi lile mechi ikiendelea. Wasichana walisogea kumpisha bila kumtazama, mmoja akamwekea blanketi magotini. Tatum aliletwa akakalishwa kando yake, barafu imefungwa mdomoni kwa taulo, angoje baba yake ampeleke hospitali akapimwe zaidi. Uwanjani Maisie alirudi kushika gongo, akainua macho kutazama kituo cha tatu.

Deb akaanza kugusa. Sikio, kifua, mkanda, goti, kofia, haraka haraka, sawasawa kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na tisa. Verlene aliinama mbele akaitazama mikono ile kwa umakini wote aliobaki nao. Zilikuwa ishara zake. Alizitunga mwenyewe, jikoni, na zilipita mbele ya macho yake moja baada ya nyingine bila kumwambia neno lolote.

Alimsogelea Tatum, bega kwa bega, na mkono wake ukatafuta saa ambayo haikuwepo.

“Amesema nini?” aliuliza.

Tatum aliondoa taulo mdomoni. “Amesema apige, Kocha.”