Mshenga wa Kwenye Boti

Mama mdogo ndiye aliyenilea pale Tabata, mama akiwa sokoni na vitenge vyake tangu asubuhi. Tulilala kitanda kimoja, tulisukana nywele, tulikuwa na vicheko vyetu wenyewe ambavyo mtu mwingine asingevielewa. Kisha akapata kazi ya kufundisha watoto Kiingereza Hanoi, huko Vietnam, akaondoka, na mie nikabaki na kitanda kizima ambacho sikukitaka. Alipotutumia tiketi mie na mama tukamtembelee likizo ya mwezi wa sita, nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mkataba wake unaisha, tunarudi naye.

Uwanja wa ndege alikuja kutupokea na mwanaume.

"Huyu rafiki yangu, mwalimu mwenzangu," akasema. Mama akamkagua yule rafiki kama anavyokaguaga kitenge anachohisi kinachuja rangi. Mwanaume akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia mie, "Shikamoo."

Mie! Mtoto wa kidato cha tatu! Mama mdogo alimfundisha neno, akasahau kumfundisha wa kuambiwa. Mtu mwingine angecheka, akamrekebisha. Mie, ambaye darasani hata kunyoosha mkono naogopa, nikamtazama usoni nikaitikia, "Marahaba."

Mama akanifinya. "We mtoto! Mtu mzima anakuamkia na wewe unapokea?"

"Si kaniamkia mwenyewe?"

Basi kila asubuhi akawa ananipa shikamoo yangu, na mie naipokea. Ilikuwa raha yangu pekee.

Hanoi ni pikipiki. Bodaboda zote za Dar ukizimwaga pale hutaziona. Kuvuka barabara unatembea taratibu bila kusimama, zenyewe zinakukwepa. Ukikimbia ndo unagongwa. Nilinyoosha mkono mama mdogo anivushe, kama tulivyokuwa tunavuka barabara ya Mandela, nikakuta mkono wake umeshashikwa. Nikavuka nimeng'ang'ania mkanda wa begi la mama, na mama anaimba pambio la kanisani kwa sauti kubwa mpaka ng'ambo.

Walitupeleka kwenye ziwa lililo katikati ya mji, tukakaa kwenye viti vifupi kama vibao vya mbuzi, tukaletewa kahawa yenye yai lililopigwa mpaka likawa povu.

"Yai kwenye kahawa?" mama akasema. "Hawa watu hawana wazazi?"

Mama mdogo akacheka mpaka machozi. Mie nilionja. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kunywa. Nikasema mbaya.

Halafu tukaenda milimani, kwenye vijiji ambako mashamba ya mpunga yameshuka mlima kama ngazi na ukungu unapita kati ya nyumba. "Mbona hii ni Lushoto!" mama akawa anarudia, anafurahi kama karudi kwao. Kule wanawake mikono yao ni ya bluu kwa kutia nguo rangi. Mama alilowesha kidole kwa mate akasugua kitambaa chao kuona kama kinachuja. Hakikuchuja. Akawaheshimu hapo hapo, akakaa nao, wakapatana bei kwa vidole na kucheka bila neno hata moja.

Mie nilikuwa nyuma kwenye tope. Mbele yangu mama mdogo alisema kitu kwa lugha ya kule, kisha akacheka kile kicheko chake cha kushika tumbo huku anampiga ngumi aliye karibu. Zamani ngumi zile nilikuwaga napigwa mie. Nikapunguza mwendo makusudi, nione kama atageuka. Aligeuka yule mwanaume. Akarudi, akanipa fimbo yake nijishikizie. Nikamchukia zaidi. Mtu ukishamwonea wivu unaomba awe mbaya, na yeye hata hilo hakunisaidia.

Safari yetu iliishia kwenye ghuba. Tulipanda boti, likaingia kati ya mawe marefu kama maghorofa, yamesimama majini na miti imeota kichwani, maji ya kijani yametulia. Nilitaka kufurahi ila nikaona mama mdogo hagusi chakula tulichopikiwa. Ghafla akanyanyuka, akashuka chumbani chini.

Ndipo mwanaume akaja na mpishi wa boti, mzee mwenye aproni bado kifuani. Wakakaa mbele ya mama. Mzee akakohoa, akaanza hotuba kwa lugha yao.

Nikaelewa: hii ni posa. Mama mdogo alishamwambia mwanaume wake kwamba kwetu mtu hajiposei, lazima awe na mshenga, mtu mzima, na binti mwenyewe asiwepo. Mtu mzima pale alikuwa huyo mpishi tu. Shida ni kwamba mkalimani wetu ndiye aliyejificha. Kwa hiyo mzee akisema, mwanaume anageuza posa yake mwenyewe kwa Kiingereza, na mie namgeuzia mama.

"Anasema wanamtaka mama mdogo."

"Mzee kaongea yote yale, we unaniletea vijineno vitatu?" Mama alishakaa uso wa kikao. "Muulize mshenga, kwao wanaishije?"

Swali likaenda, jibu likarudi. "Wanalima mpunga. Ana wajukuu."

"Anayeoa ana wajukuu?"

"Mshenga, mama! Kajisemea yeye."

Mama akabana kicheko. "Haya, shuka ukamuulize mwenzio."

Kwetu ndugu wa kike ndio wanaoingia ndani kumuuliza binti: kuna wageni, unawafahamu? Akisema siwafahamu, posa imekufa. Ndugu wa kike mwingine kwenye boti lile nilikuwa mie peke yangu.

Mama mdogo alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, kajitanda kanga.

"Kuna wageni juu," nikasema. "Unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Tabata hurudi, eeh?"

"Nitakuja kuwaona. Kuishi, nitaishi huku." Akanishika mkono. "Ungeniuliza siku ya kwanza ningekwambia. Ulikuwa umenuna, nikaogopa."

"Na nikiwaambia huwafahamu?"

"Dada atakuamini wewe," akasema. Hakunibembeleza.

Nilipanda zile ngazi polepole kuliko nilivyowahi kupanda ngazi yoyote. Juu, mpishi alikuwa kaweka mikono magotini kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mwanaume hakunitazama mie. Alitazama mlango niliotokea.

"Kasemaje?" mama akauliza.

Neno lilikuwa mdomoni. Siwafahamu. Jepesi kabisa.

"Anawafahamu," nikasema.

Mama akapiga kigelegele, watu wa maboti mengine wakasimama kutuangalia. Mama mdogo akapanda mbio, wakakumbatiana na mama, mzee akawa anampa kila mtu mkono. Mie nilienda kukaa mbele ya boti nimewapa mgongo, nalia. Sikulia kwa furaha, na alipokuja mama mdogo kukaa karibu yangu sikumdanganya kwamba ni furaha.