Yule Mama wa Tangazo la Gari

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kilungu. Ukitaka kubisha, njoo uniangalie nikitembea.

Kama umri wako unakaribiana na wangu, utalikumbuka lile tangazo la gari la akina mama. Tulikuwa wasichana, na televisheni sokoni ilikuwa moja tu, ya mwenye duka, inawashwa kwa betri. Mama anatokea amebeba kuni, mukwa umemkaza kwenye paji la uso, ule mkanda wa ngozi tunaobebea mizigo sisi Wakamba. Anatua kuni, anavua mukwa, anautupa kwenye nyasi, anaingia ndani ya kigari cheupe. Halafu anatuangalia na kusema, "Mama, tua mzigo. Hili ni lako." Wanawake walicheka mpaka wakashikana. "Wangu hajaninunulia hata punda," mmoja akapiga kelele, "gari atalitoa wapi?"

Sasa nije kwa Syombua. Namtaja kwa sababu yuko hai na anajua nasema ukweli. Ni mke wa ndugu ya mume wangu, tunakaa boma moja. Miaka mingi alitembea ameinama, macho kwenye vidole vya miguu, na hospitali hawakuona kitu. Siku moja nikamwona amenyooka kabisa.

"Mama Kioko, umepata daktari gani?" nikamuuliza.

"Ukitoka mtoni pitia njia ya chini. Kuna mtu atakupa lifti." Akacheka kidogo.

Nikapita. Jua lilikuwa linazama, mtungi wa maji mgongoni. Ile njia ni ya miguu tu, hata pikipiki inashindwa na mawe. Basi niambie, kigari cheupe kilifikaje pale? Kilisimama katikati ya mahindi, na hakuna bua hata moja lililovunjika. Ndani alikuwa yule mama wa tangazo. Niamini. Hajazeeka hata kidogo, na mimi meno yameanza kuniacha.

"Mama, tua mzigo," akasema. Sauti ile ile, na mkwaruzo wa televisheni ndani yake.

Wewe ukiwa umechoka namna ile ungefanya nini? Nikatua. Akanyoosha mkono nje ya dirisha, anataka mukwa wangu. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa, akanikataza kumwachia mwanamke mwingine. Nikampa.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa mikwa mpaka kwenye paa. Akachomoa mmoja, nikaujua kwa kiraka chake: wa Syombua. Akautupa kwenye mahindi. "Huyo ameshaleta wa kumpokea," akasema. "Nawe utatafuta wako."

Mlango haukufunguliwa. Nilipogeuka kuchukua mtungi, kigari hakikuwepo, na kitu kizito kikaniangukia mgongoni.

Hakijatoka mpaka leo. Hakuna anayekiona, lakini paji langu limechimbika na shingo haiinuki. Hospitali ya Kibwezi wamenipiga picha ya mgongo, wakasema niko sawa. Mchungaji ameniombea, Syombua akiwa kiti cha mbele, anaimba kichwa juu. Nilimvizia nyuma ya kanisa.

"Mbona mimi, Syombua?"

"Nilikuwa nimechoka, Mama Ndunge. Wewe hujachoka?"

Hakuomba hata msamaha.

Mke wa mwanangu anaitwa Mutheu. Ananifulia, ananipikia, maji anachota yeye. Juzi aliniuliza, "Mwaitu, mama yangu, nipitie ile njia ya chini nirudi mapema nikukande?" Nikautazama mgongo wake ulionyooka. Niliutazama muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikamwambia apitie barabara ya juu, hata kama ni mbali.

Lakini shingo inauma kila siku, na mimi najijua. Kwa hivyo nakwambia wewe mapema: mwanamke aliyeinama akikusifia njia ya mkato, usimsikilize. Hata akiwa ni mimi.